Baba na Programu ya Ndovu
Kwetu ni Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, ambako ndovu huvuna mahindi kabla yetu. Nilipomwambia baba nataka kuandika programu za kompyuta, alicheka. "Zitafukuza ndovu hizo?" Moyo uliniuma kweli.

Baadaye nilisoma habari za Martha Chumo. Mwaka 2013 alinyimwa viza ya kwenda kusomea programu New York. Hakukata tamaa, alianzisha shule ya programu papo hapo Nairobi.

Basi likizo iliyopita niliwafundisha wadogo zangu kile kidogo nijuacho, kwa simu ya mama. Siku ya tatu baba naye akavuta kigoda. "Haya, ya ndovu mtaanza lini?"

Wenzangu, ajuaye kidogo asingoje kujua yote. Afundishe!