Ua la mama

Mama yetu alipofariki alituachia potosi, ua lile la majani ya kijani yenye madoa ya manjano, linalotambaa kwenye ukuta wa saloni. Kwa miaka 2 hatukuthubutu kulikata. Ilikuwa kama kumkata yeye mwenyewe. Likarefuka mpaka dirishani, lakini shina likabaki tupu, majani machache kwenye ncha tu.

Likizo kubwa iliyopita tukachukua kisu safi. Kila kipande tulikikata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, maana mizizi hutoka hapo; kipande kisicho na kifundo hakioti. Tukaondoa jani la chini, tukatia vipande katika chupa za maji, penye mwanga bila jua kali. Maji tulibadilisha kila wiki. Baada ya wiki 3 hivi mizizi ikaonekana, tukapanda kwenye udongo. Shina la zamani nalo likachipuka matawi.

Tunaliweka juu, watoto wasilifikie, kwa sababu jani likitafunwa huwasha mdomo. Leo kila mmoja wetu ana ua la mama nyumbani kwake. Mdogo wetu aliyeolewa mbali alisafiri na lake ndani ya chupa, amelishika mapajani njia nzima.