Jamaa wa Bariadi alitafuta rupia za Mjerumani, akaibuka na jero za matope

Si mnazijua zile stori za kitaa, eti ukiokota rupia ya Mjerumani umaskini bai bai? Basi kuna jamaa Bariadi akaziamini. Akakodi mashine ya kutafutia madini kwa elfu 20 ya mkopo, akaingia nayo uwanja wa mnada wa ng'ombe. Ikalia kweli! Kuchimba: jero tano, mia mbili nane, zote nyeusi tii.

Dukani akakataliwa. "Kaka, hizi za kaburini, na si BoT walishatoa hela za zamani?" Hapo ndo wengi wanachanganya. Zilizoondolewa 2025, mwisho wa kubadilisha Aprili 5, ni noti. Sarafu hazikuguswa, na jero ya chuma imeanza 2014 tu. Akaziosha kwa sabuni na mswaki, zikapokelewa: 4,100. Deni likabaki 15,900.

Kinachouma zaidi, aliokota na senti 10 ya mkoloni, ile yenye tundu. Akaisugua kwa mchanga ing'ae, maandishi yakafutika. Wanunuzi wa sarafu za kale hawataki iliyosuguliwa. Mnunuzi akaicheki, akamrudishia.

Ungekuwa wewe, ungerudi mnadani au ungeenda kulima pamba?