Pini Kumi na Moja

"Mzee, hii programu haina IR2110," kijana alisema, akaisukuma laptopu kando. Alikuwa amepekua orodha nzima ya vifaa vya LTspice. Kwake, kisichokuwemo kwenye orodha hakipo duniani.

Fundi alinyamaza. Kimawazo alikuwa amerudi Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka lenye upana wa mlango, ambako transista zilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga. Mwenye duka alipima kila moja kwa mita ya mshale kabla ya kuiuza. Mbovu aliitupa, hasara ikawa yake. Daftari la fundi linasema 2006, mwaka wa ukame na mgao wa umeme, ingawa yeye anakumbuka wakisimama wakingoja mvua ipungue. Haidhuru. Kila baa ilitaka inveta, naye kila usiku aliunguza mosfeti, harufu ya plastiki na moshi wa risasi ikiganda kwenye shati.

"Jana umechoma ngapi, mwanangu?" Ndiyo iliyokuwa salamu ya mwenye duka.

Jibu la kwa nini ziliungua fundi alilipata kwenye SPICE, programu ya kuigiza saketi aliyoiandika Laurence Nagel huko Berkeley, Marekani, chini ya mwalimu wake Donald Pederson, ikatangazwa 1973, enzi za kadi za kutobolewa. Chuo kiliigawa karibu bure, na LTspice, mjukuu wake, hailipiwi. IR2110, draiva ya kuwasha na kuzima mosfeti, haikuwemo, basi fundi akaiandika mwenyewe: mstari wa .SUBCKT unaoanzisha modeli, pini kumi na moja, kisha ucheleweshaji wa kwenye karatasi ya kiwanda, nanosekunde 120 kuwasha na 94 kuzima. Alipoendesha, mkondo ukapaa kama mkuki. Tofauti ya nanosekunde 26 haikutosha: mosfeti ya chini iliwaka kabla ya ya juu kuzimika, na betri ikapigwa shoti. IR2110 haiweki pengo kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine. Hutii tu inachoambiwa kupitia pini za HIN na LIN. Akaweka pengo la mikrosekunde mbili kwenye saketi ya kuongozea. Moshi ukakoma.

Baadaye zikaja inveta za makontena, duka likawa la makava ya simu. Siku hizi vijana hupakua modeli iliyoandikwa na mtu wasiyemjua, wasiifungue hata mara moja. Hilo humuudhi kuliko moshi.

Akamsogezea kijana penseli na ile karatasi ya kiwanda.

"Soma pini, moja moja."

"Moja, LO. Mbili, COM. Tatu, VCC. Nne... nne haina jina."

"Haiunganishwi popote. Iruke. Tano?"

"VS."

"Andika."