Kurusha, Kukwepa, Kudaka

Mnazi Mmoja ipo Unguja, na Mnazi Mmoja nyingine ipo Dar es Salaam. Na mchezo mmoja wa wasichana huvuka bahari kati ya viwanja hivyo kwa majina mawili. Unguja ni nage, Mrima ni rede. Mkenya huuita kati, kwa pale asimamapo mchezaji. Mganda huuita kwepena, kwa kile akifanyacho. Mpira ni wa matambara au soksi kuukuu, yaliyoshindiliwa na kufungwa kamba: laini usimuumize apigwaye, mzito kiasi cha kumjulisha kwamba amepigwa.

Wawili husimama pande mbili wakirusha, na aliye kati hukwepa. Apigwaye hutoka. Mahali pengine huwekwa chupa katikati, naye huijaza mchanga huku jicho lisiuache mpira. Mitaa mingine humruhusu kuudaka, na kuudaka ni kujipatia uhai.

Vitenzi basi ni vitatu, na mpenzi wa mashairi atavitambua mara moja, kwani si vya mpira peke yake. Neno nalo hurushwa, hukwepwa, hudakwa.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilijengwa kwa ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake. Ua ni mmoja, na jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo ni vya wote. Katika maisha ya namna hiyo mtu hawezi kumwambia jirani kila jambo usoni, wala hawezi kunyamaza daima. Hurusha. Huosha sufuria akisema na sufuria. Hujifunga kanga yenye jina lake, akapita mlangoni pa mwenziwe mara mbili. Jirani ana hiari: akwepe, ajifanye hakusikia, neno lianguke mchangani, au adake, na akishadaka limekuwa lake, kwani nani alimtaja?

Binti achezaye rede jioni katika ua huo huo hujifunza yote mawili kwa pamoja. Hujua kwamba mrushaji hodari hutazama kushoto akarusha kulia. Kwamba anayekimbia kila mpira huchoka mapema. Kwamba kudaka kunahitaji mikono iliyokwisha kungoja. Kabla hajasikia habari za vina na mizani, amekwisha kupata nusu ya adabu ya malumbano.

Sanaa hiyo ilipanda jukwaani. Katika miaka ya 1990 Khadija Kopa, aliyepitia Culture Musical Club ya Unguja, akiwa na kundi la TOT, alipokezana mipasho na Nasma Khamis Kidogo wa Muungano, na wasikilizaji walijua nani karusha na nani kadaka. Hata jina lililoenea la taarabu ya siku hizo, rusha roho, limebeba kitenzi kile kile. Waliosema kwamba huo ni utovu wa adabu walisahau kwamba fumbo lenyewe ni adabu: humwachia mpigwa nafasi ya kukwepa.

Sasa nyua za Kariakoo zinakwisha. Nyumba za chini zimebomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya maduka na bohari. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi enzi za ukoloni ili kuitenga Kariakoo na Uhindini, ungali wazi. Lakini uwanja si ua. Uwanjani mchezo ukiisha kila mtu hushika njia yake. Uani, uliyempiga leo ndiye utakayemwomba chumvi kesho, na ndiyo maana mpira uliviringwa laini.

Mchezo wenyewe haujafa. Unguja wanawake huucheza nage kwa timu na mashindano, na rede ingalipo mitaani Dar es Salaam. Maneno nayo yangali yakirushwa, mengi kwa simu, usiku, kwa watu wasioonana. Huko kila mtu hudaka, hata lisilokuwa lake, na kukwepa kumekuwa kama kushindwa. Naye arushaye haoni uso wa anayempiga, wala hatakutana naye kisimani asubuhi. Kwa nini basi ahangaike kutafuta matambara?