Mwache Binti Atege

Tanga

Mpwa wangu Zuhura,



Nimeyafikiria uliyonieleza kwenye simu. Binti yako Nasra yuko Darasa la Pili, anasoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini ukimuuliza kasoma nini anakutazama tu. Ukimwambia aulize asichoelewa, anasema ameelewa chote. Ukaniomba orodha ya maswali ya kumuuliza. Sikupi. Nimefundisha madarasa ya chini mpaka nikastaafu, na ninavyoona mimi, mtoto huyu ameshaulizwa vya kutosha. Kila hadithi ya darasani inaishia kwa maswali: Sungura alikwenda wapi? Nani alimwona? Mtoto anajua fika kwamba anayeuliza ana jibu lake tayari, na kazi ya mtoto ni kulipatia au kuaibika. Akikua hivyo, swali kwake ni kitu cha kukwepa. Hata hamu ya kuuliza la kwake haimjii.

Mgeuzie mchezo. Katika vitendawili mwenye enzi ni mtegaji. Anaowatega wakishindwa kujibu, hata wawe wazee wenye mvi, wanampa mji. Fanyeni hivyo na kitabu. Mara ya kwanza someni hadithi moja kwa moja bila kukatishana, maana hadithi inayosimamishwa kila sentensi haina ladha. Mara ya pili, mkifika mwisho wa ukurasa, Nasra akutegee swali. Ukilijibu, zamu inakuwa yako. Ukishindwa, mpe mji, naye aende Bagamoyo au Zanzibar akale anachotaka. Siku za mwanzo atakutega maswali mepesi ya "anaitwa nani", kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuyasikia. Usimkosoe. Akiona hayo unayajibu upesi na yeye hapati miji, mwenyewe ataanza kutafuta magumu.

Zamu yako ikifika, uliza jambo unalotaka kulijua kweli. Chukua kile kisa cha Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akavipokea vyote viwili kwa furaha. Mara nyingine akaazima tena, akaja mikono mitupu: sufuria imekufa. Jirani akaja juu, sufuria inakufaje? Hapo usimuulize Nasra Abunuwasi aliazima nini. Sema kama unayejisemea, "Mbona jirani hakuuliza siku ile ilipozaa?" Kisha nyamaza. Nakipenda kisa hiki kwa sababu chote kimesimama juu ya swali ambalo mtu alikataa kuliuliza, maana jibu lingemkosesha sufuria ya bure. Lakini hayo usimwambie, mwache afike mwenyewe. Na akikuuliza baba wa kisufuria ni nani, cheka, halafu mlichukue kwa uzito: hilo hasa ndilo jirani alilopaswa kumuuliza Abunuwasi.

Huko kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu wa sayansi humngoja mtoto baada ya kumuuliza. Ulikuwa kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto wenyewe wakauliza zaidi. Sekunde tatu ni fupi ukizisikia. Jaribu kuzikaa mbele ya mtoto anayekodolea macho dari, na chungu kinachemka jikoni. Hesabu kimoyomoyo.

Wala tatizo la Nasra si geni. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown, nao wa Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi wa namna hiyohiyo, wanaosoma maneno vizuri na kuelewa kidogo. Waliwaachia watoto nafasi ya mwalimu kwa zamu: aliyeishika aulize swali juu ya kipande kilichosomwa, akifupishe, afafanue penye ugumu, abashiri kinachofuata. Uelewa wao ukapanda. Hao walikuwa wakubwa kuliko binti yako, kwa hiyo yote manne usimbebeshe. Kuuliza na kubashiri kunamtosha.

Umesema mama mkwe wako anaogopa mtoto anayeuliza-uliza atakuja kuwaaibisha mbele ya wageni. Usibishane naye, ana hoja. Mfundishe Nasra asikatishe mazungumzo, aseme "naomba kuuliza", na yapi ayaulize mkiwa wawili. Lakini asinyamazishwe kwa sababu tu jibu halipo. Mwambie hujui, mrudi kurasa za nyuma mkatafute. Pengine kitabu hakina jibu. Mwambie hivyo, mwandishi hakusema, wewe waonaje? Na bibi mwenyewe mpe kazi, awasimulie ngano jioni. Msimulizi akisema Paukwa, haendelei mpaka aitikiwe Pakawa, kwa hiyo mtoto ana sehemu yake tangu mwanzo. Mwombe tu atue kidogo Fisi anapoingia, Nasra aseme itakuwaje.

Vitabu viwili mlivyo navyo vinatosha kwa sasa, kwa kuwa vinarudiwa. Maandishi mengine yapo: mifuko ya unga, ubavu wa daladala, na zaidi ya yote kanga zako. Jina la kanga ni maneno machache, mtoto wa Darasa la Pili analimudu, lakini halisemi nani anamwambia nani wala wamegombania nini. Msomaji hana budi kujiuliza. Mkifua Jumamosi, ayasome kwenye kamba. Baadhi ya maswali yatakufanya utazame chini, hasa mama mkwe akiwa karibu, jiandae.

Natuma kwa basi la kesho asubuhi kitabu changu cha zamani cha visa vya Abunuwasi. Jalada limechanika, kurasa zote zimo. Kondakta ana namba yako, atakupigia akifika. Visa vya mwisho ni virefu, viache mpaka likizo.

Msalimie mumeo na mama.

Mjomba wako