Nasaha kwa Mwana wa Ndugu Yangu juu ya Kufikisha Waifai Ghorofani

Kwa mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifika, nami nimeisoma kwa makini tangu herufi ya mwanzo hata ya mwisho. Umenieleza kwamba umenunua ekstenda, yaani kile chombo cha kuchomekwa ukutani kiyapokee mawimbi ya waifai na kuyapeleka mbele, kwa nia ya kumwezesha bibi yako, ambaye ngazi zimekwisha kumshinda, azungumze na wanawe walioko Maskati pasina kuteremshwa chini. Na kwamba, ijapokuwa simu yake huonyesha alama za mtandao zimejaa zote, picha hukwama na sauti hukatika, hata ukadhani umeuziwa chombo kibovu. Nia yako ni njema na thawabu yake iko kwa Mola; walakini dhana yako juu ya chombo hicho yahitaji kuchunguzwa kabla hujakirejesha dukani.

Jambo la kwanza ulitie moyoni ni kwamba ekstenda haizalishi mtandao, bali huupokea uliokwisha kuwapo na kuukariri. Kazi yake ni ya yule asimamaye nyuma ya imamu msikiti unapofurika, akazinyanyua takbiri ili safu za nyuma zipate kufuata: akiwa mahali ambapo mwenyewe hamsikii imamu, sauti yake, hata iwe kubwa namna gani, haitawafaa watu kitu. Basi zile alama zilizojaa katika simu ya bibi yako ni ithibati ya jambo moja tu, kwamba simu inaisikia ekstenda vyema; hazitoi habari yoyote kama ekstenda nayo inaisikia ruta, yaani chombo kinachoutoa mtandao wenyewe. Nawe, kwa ulivyonieleza, umeichomeka chumbani mwa bibi, yaani pale pale ambapo tangu awali mtandao ulikuwa haufiki.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake hukaribia nusu mita na pengine huzidi. Kuta hizo, ambazo wazee walizinenepesha ziweze kubeba ghorofa na kuzuia joto la jua, huyazuia mawimbi vile vile, na huyazuia zaidi zinapokuwa zimelowa unyevu wa masika, kwa kuwa maji huyameza mawimbi ya aina hii. Ruta za siku hizi aghalabu hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali na kupenya ukuta kwa nafuu, na ya gigahezi 5, ambayo kasi yake ni kubwa lakini hudhoofika upesi yakutanapo na jiwe. Kwa hiyo usiwaze kulishinda jiwe kwa nguvu; tafuta njia iliyo wazi. Ua wa kati na tundu la ngazi ni milango ambayo mawimbi huipita bila ya taabu, na mahali pa haki pa ekstenda yako, kwa ninavyoifahamu nyumba ile, ni kichwani mwa ngazi, katika ukumbi unaoutazama ua, ambapo inaielekea ruta upande mmoja na mlango wa bibi upande wa pili.

Wala usikisie kwa macho, maadamu kipimo kipo. Zipo programu za simu zisizo na gharama zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, nayo huandikwa kwa alama ya kutoa: -50 ni nzuri sana, -60 yatosha kwa kila haja, na ikipita -70 mazungumzo ya picha huanza kusumbua. Tembea na simu yako, ikiwa imeunganishwa na ruta yenyewe, ukipanda ngazi pole pole. Pale mwisho ambapo kipimo kingali karibu na -60 ndipo pa kuichomeka ekstenda, hata kama hapakupendezi kwa sura. Iepushe na nyuma ya kabati, kioo kikubwa, friji na tangi la maji, na uiweke mbali na maikrowevu, kwani jiko hilo hutumia mawimbi yaliyo jirani kabisa na yale ya gigahezi 2.4.

Ama katika kuiunganisha, anza ikiwa chumba kimoja na ruta, wala usianzie ghorofani. Ichomeke, ungoje mpaka taa ya umeme itulie bila ya kupepesa, kisha bonyeza kitufe cha ruta kilichoandikwa WPS, na kabla ya dakika 2 kupita ubonyeze na cha ekstenda. Ikiwa ruta haina kitufe hicho, fuata ukurasa wa mipangilio ambao anwani yake imechapishwa mgongoni mwa chombo, uchague jina la mtandao wetu na kuliandika neno la siri kwa uangalifu, kwani herufi kubwa na ndogo hazihesabiwi kuwa moja, na nafasi tupu iliyoingia mwishoni bila ya kutambuliwa huharibu kazi yote. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa kale uitwao WEP ulikwisha kuvunjwa tangu 2001 na haumfai mtu yeyote. Aidha, ukimaliza, ifunge njia ya kuunganisha kwa nambari ya siri ya WPS, kwa kuwa udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 2011, na lile neno la siri la kiwandani la kuingilia katika mipangilio ulibadilishe siku hiyo hiyo. Hapo ndipo uihamishe ekstenda mpaka kichwani mwa ngazi. Itaukumbuka mtandao wenyewe.

Ikitokea baada ya hayo yote mambo hayajatengenea, usiparamie kila kitufe kwa wakati mmoja, bali anzia kwenye chanzo na ushuke daraja kwa daraja. Simama karibu na ruta, uzime waifai ya ekstenda, upime: intaneti ikiwa dhaifu hapo, basi ila iko kwa ruta au kwa kampuni inayokuletea huduma, na ekstenda haina hatia. Ikiwa hapo ni nzuri, simama karibu na ekstenda uitazame taa yake ya kuonyesha uhusiano na ruta, ambayo katika vyombo vingi hubadilika rangi ikiwa iko mbali mno. Ikiwa ekstenda hailioni kabisa jina la mtandao wetu, yamkini ni ya gigahezi 2.4 pekee ilhali ruta imefungiwa kwenye 5. Ikiwa simu imeungana lakini hakuna kinachofunguka, chunguza kama ekstenda nayo inagawa anwani za mtandao, kwa maana kazi hiyo ni ya ruta peke yake, na wagawaji wakiwa wawili vyombo hupotea njia. Ikiwa taabu huja jioni watu wote wanaporejea majumbani, basi majirani wamejazana katika chaneli moja. Katika mawimbi ya 2.4 ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana, nawe chagua iliyo na watu wachache. Na ikiwa simu ya bibi, baada ya kushuka na kupanda, imeendelea kuing'ang'ania ruta ya mbali, izime waifai yake na kuiwasha tena. Kukirudisha chombo katika hali ya kiwandani, kwa kukichoma kwa pini katika kile kitundu chake kwa sekunde kama 10, kuwe ndiyo dawa ya mwisho, kwani hufuta mipangilio yote uliyoifanya.

Juu ya hayo, usitaraji kisichowezekana. Ekstenda inayopokea na kutoa kwa mawimbi ya aina moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo kasi hupungua kufikia nusu. Iliyo bora ni ile inayozungumza na ruta kwa 5 na kuwahudumia watu kwa 2.4, au kinyume chake. Na mahali ambapo hata hiyo haitoshi, waya ni bora kuliko hewa: kebo ya mtandao hubeba mawasiliano mpaka mita 100 bila ya kuchoka, na ekstenda nyingi hukubali kuunganishwa nayo. Ipitishe kandokando ya ngazi; usithubutu kutoboa ukuta, kwani mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jiwe la matumbawe lililokwisha kuvunjika halirudi kama lilivyokuwa.

Mwanangu, badilisha jambo moja kila mara, upime, kisha uandike katika daftari ulichobadilisha na kilichotokea, pamoja na majina na maneno ya siri, uliweke daftari mahali ambapo hata ukiwa safarini mwenzio ataliona. Mwenye kugeuza mambo matano kwa pamoja, hata akifanikiwa, hajui kilichomponya, na siku maradhi yatakaporudi ataanza upya.

Kwa dalili ulizonitajia, chombo chako ni kizima na mahali pake ndipo pabaya. Kihamishe leo, kabla hujamlaumu muuzaji, na ukiisha mwite bibi yako ajaribu mwenyewe kuwapigia watoto wake, kwani yeye ndiye hakimu wa kazi hii.

Wassalamu,
Ami yako akupendaye.