Kinyonga wa Darasa la Nne na Tumbo Lake

Wengi mmekuwa mkitusimamisha njiani kutuuliza habari za yule kinyonga wa darasa la nne. Wengine mnauliza kwa kucheka, wengine kwa hasira. Sisi walimu wa kujitolea tumeona afadhali tueleze yote hapa, maana maneno yamekuwa mengi.

Kinyonga huyo hatukumtafuta sisi. Wavulana wawili walimkamata kwenye mihogo mwezi wa Januari, kiangazi kikali, wakamfuga nyumbani kwa wiki mbili ndani ya katoni ya sabuni. Chini walitandika mchanga, juu wakafunika. Mama yao alipomwona akawaambia wachague: hiyo nyama itoke, au wao watoke. (Sisi wa upande wa Ituri tukisema nyama tunataka kusema mnyama, hakuna aliyetaka kumla.) Ndiyo wakamleta shuleni.

Alifika akiwa mgonjwa. Rangi yake ilikuwa nyeusi-nyeusi, si kijani. Macho yalikuwa yameingia ndani, tumbo limevimba na ni gumu ukiligusa. Wavulana walisema hajanya kwa siku nane, na panzi wakimpa hamtazami. Mmoja alikuwa amejaribu kumsukumia ugali mdomoni. Jamani, kinyonga hali ugali! Anakula kile kinachotembea: nzi, panzi, kumbikumbi. Kisichojitingisha kwake si chakula.

Tuliuliza huku na huku. Rafiki yetu mmoja alikuwa anapanda gari kwenda Arua, tukamwomba apite kwenye maduka ya dawa za mifugo. Muuzaji mmoja alitaka kumuuzia chupa nzima ya dawa ya sindano ya ng'ombe. Hapa kambini mzee mmoja alisema tumpe kidonge cha minyoo, kile wanachopewa watoto shuleni. Hebu fikirini: mtoto wa darasa la kwanza ana kilo ishirini hivi, kinyonga wetu hakufika hata gramu mia moja. Kidonge kimoja kingemuua kabla ya minyoo kusikia habari. Na watoto wenyewe, kwa sababu wahudumu wa afya wa kijiji wamewafundisha vizuri, walitaka kumtengenezea maji ya chumvi na sukari. Tuliwasifu kwa kukumbuka, lakini kile kipimo ni cha binadamu, tukakataa.

Aliyetusaidia ni daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbuzi. Alicheka kwanza. Halafu akakaa, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: ni dume au jike? Kumbe jike mwenye mayai naye huvimba tumbo, hukataa chakula, hushuka chini kutafuta udongo wa kuchimba. Asipopata pa kutagia, mayai hukwama na yeye hufa. Ukimpa dawa ya tumbo unapoteza wakati. Akatuonyesha mwanzo wa mkia, pale chini: umetuna. Basi ni dume, na ugonjwa ni wa tumbo kweli.

Sababu alituonyesha ni mbili. Ya kwanza ni ule mchanga. Kinyonga akirusha ulimi kwa mdudu aliye chini, ulimi unanata na kurudi na mchanga, anameza vyote pamoja. Siku kwa siku mchanga unajaa matumbo kama simenti. Ya pili ni maji. Wavulana walimwekea maji kwenye kifuniko cha chupa kila siku, kwa moyo safi kabisa, na yeye alikuwa anakauka pembeni yake. Kinyonga hayajui maji yaliyotulia. Hunywa matone, kama umande au mvua kwenye majani. Daktari akasema tuangalie mavi: pale penye weupe ndio mkojo wake. Ukiwa mweupe, maji yanatosha. Ukigeuka njano au rangi ya chungwa, ana kiu. Wavulana wakakumbuka kwamba mara ya mwisho ilikuwa chungwa.

Tena kuna joto. Sisi tumbo letu lina moto wake wa ndani, yeye hana. Akikaa kwenye giza na baridi, chakula kinalala tumboni mpaka kinaoza. Huko Ulaya na Marekani wanaofuga vinyonga huwanunulia taa maalum za kuwapa joto. Sisi tuna jua la Koboko, bure.

Basi tulifanya hivi. Tulifunga miti minne, tukaizungushia kipande cha chandarua kilichokwisha kuchanika, tukaweka matawi ndani, chini hakuna mchanga wala udongo. Asubuhi jua, lakini nusu ya matawi kivulini ili achague mwenyewe, maana jua tupu nalo linaua. Juu tukaning'iniza chupa ya plastiki yenye tundu la sindano, ikadondosha tone moja moja kwenye majani. Chakula hatukumlazimisha. Mama mmoja alituuliza kama ni haki kumpa nyama maji wakati watu wanapanga foleni kwenye bomba tangu alfajiri. Swali lake ni la haki. Tulipima mbele yake: kikombe kimoja kwa siku, na kilitoka kwenye kidumu chetu cha walimu.

Siku ya kwanza hakunywa. Ya pili alikaa chini ya tone muda mrefu, halafu tukaona koo linacheza. Darasa zima lilinyamaza, jambo ambalo hesabu haijawahi kufanya. Siku ya tano alikunya: mchanga, na ndani yake mguu mzima wa panzi. Siku mbili baadaye alikamata nzi.

Sasa tuseme na wazazi. Wiki ile ile watoto wa mtaa mmoja waliharisha, na ikasemwa ni sumu ya kinyonga. Mama mmoja alimzuia binti yake asije darasani siku nne. Tulikwenda kwake jioni tukakaa naye. Kinyonga hana sumu, hata akiuma. Ile hadithi kwamba alichelewa na ujumbe wa uzima na ndiyo sababu tunakufa, wazee wa makabila mengi ya Afrika wanaisimulia, na sisi tumekua nayo. Lakini yule mama hakukosea kwa yote. Wanyama wa jamii ya mijusi, kinyonga na kobe wanaweza kubeba matumboni bakteria wa salmonela bila wao kuugua, na bakteria hao humharisha mtu, hasa mtoto chini ya miaka mitano. Aliogopa kitu sahihi kwa jina lisilo lake. Tulimwambia hivyo, akatujibu: "Mwalimu, mimi jina silijui, mimi najua mikono ya watoto wangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa ile nyumba ya chandarua bila kunawa kwa sabuni, na wadogo zao hawakuruhusiwa kusogea.

Hatukumweka siku nyingi. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inasema mnyama wa porini yuko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na sisi ni wageni hapa. Mvua za kwanza zilipoanza tulimrudisha kwenye vichaka karibu na ile mihogo. Alichukua kama dakika kumi kupanda tawi moja. Yule binti alikuwepo, mama yake pia, amesimama mbali kidogo.

Ile chupa ya tundu bado iko darasani. Wakitaka kuiona, waje na sabuni.